Nyama ya kila siku: niliyojifunza kwa baba mdogo na kwenye kibanda changu

Huku kanda ya ziwa nyama ni heshima. Mgeni akija, hata umkaangie sato mzima wa kujaza sinia, bado mwenye nyumba anajiona hajamkaribisha mpaka itoke nyama. Na mimi nimekulia humo humo, sisi Wasukuma mahari ni ng'ombe, faini ni ng'ombe, msiba ni ng'ombe, kwahiyo naomba nieleweke mapema kabisa kwamba sijaja kumwambia mtu aache nyama. Naandika kwa sababu nina kibanda cha chakula hapa Nyakato, Mwanza, nalisha watu kuanzia alfajiri, alafu nimemuuguza baba yangu mdogo ambaye nyama ilimfikisha pabaya, na kwa hayo mawili kuna mambo nimeyajua ambayo natamani watu wa huku wayajue mapema, hasa wanaume wetu.

Kitu cha kwanza, watu wanasema "wazee wetu walikula nyama na walifika miaka tisini". Mimi bibi yangu wa Kwimba namkumbuka vizuri, na boma lao lilikuwa na ng'ombe kweli kweli, ila nyama haikuliwa ovyo. Ng'ombe alikuwa akiba ya ukoo, hachinjwi kwa sababu mtu ana hamu. Nyama mnaiona kwenye harusi, msiba, sikukuu, au ng'ombe akivunjika mguu. Siku zilizobaki ni ugali wa mtama au wa udaga (mihogo iliyovundikwa ikakaushwa), mlenda, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) iliyoungwa karanga, maziwa mgando, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) asubuhi, na dagaa wakipatikana. Na mtu kutwa yuko shambani na jembe. Hao ndo wazee tunaowatolea mfano.

Sasa linganisha na mteja wangu wa kawaida, dereva au fundi au mfanyabiashara wa hapa mjini. Asubuhi anaanza na supu ya makongoro au ya utumbo na chapati mbili, mchana wali nyama au ugali nyama, jioni anapitia choma, wanaagiza kilo watu wawili na ndizi na bia zao, akifika nyumbani mama watoto kaweka mboga anaigusa tu ili isionekane kaidharau. Kesho yake tena hivyo hivyo. Huyu hali alivyokula babu yake. Babu yake ile nyama ya wiki nzima aliipata labda kwa miezi miwili.

Baba mdogo ndo alikuwa mtu wa namna hii. Kazi yake ni kununua ng'ombe minadani, Misungwi, Magu, Kwimba, na ng'ambo ya Sengerema, na enzi hizo kabla ya daraja alikuwa akikaa foleni ya kivuko pale Kigongo masaa na masaa, pembeni watu wanachoma, unafikiri atakula nini. Mnadani ndo usiseme, ng'ombe anachinjwa pale pale, maini na figo zinaanza kuchomwa hata biashara haijachanganya, na kwa wafanyabiashara kumnunulia mwenzako nyama ndo mazungumzo yenyewe, bei inapangwa juu ya sinia. Alikuwa mtu mwenye mwili, sauti kubwa, anapendwa, na ukimtembelea hutoki bila kubebeshwa mfuko wa nyama.

Gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, ilimuanza usiku. Mama mdogo alinipigia simu alfajiri akaniambia njoo baba yako mguu umevimba hataki hata nguo imguse. Nilipofika nikakuta ameutoa mguu nje ya shuka, kidole gumba cha mguu kimevimba, ngozi imekuwa nyekundu inang'aa, na pale pale kwenye kiungo pana joto unalisikia kabla hujagusa. Feni ilikuwa inapuliza akasema izimeni, upepo unamuumiza. Mtu mzima, mtu wa minada, machozi yanamtoka. Anasema tu "mayu, nimerogwa, nimekanyagishwa kitu". Na kwenye ukoo wetu kuna waliokubaliana naye, kwa sababu maumivu ya kuja usiku mmoja bila kuumia popote watu wanayatafutia mtu wa kumlaumu.

Hakurogwa. Miili yetu ikivunja vitu vinavyoitwa pyurini inabakisha yuriki asidi, figo zinaitoa kwenye mkojo. Pyurini zipo nyingi kwenye nyama nyekundu na zaidi kwenye maini, figo, moyo, bandama, yaani vile vile vinavyotangulia kwenye moto mnadani. Na bia inaongeza kwa njia mbili, ina pyurini zake alafu pombe inazuia figo kuitoa ile asidi. Ikizidi kwenye damu inaganda kwenye viungo kama vipande vidogo sana vya chupa, na mara nyingi inapenda kidole gumba cha mguu kwa sababu huko ndo mbali na pana ubaridi. Mwili ukiviona vile vipande unavishambulia, ndo ule uvimbe na moto.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004, walifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12 wakiangalia nani anapata gauti, wakakuta wanaokula nyama nyingi na vyakula vya majini kwa wingi ndo wanaoipata zaidi, na wanaotumia maziwa wanaipata kidogo, na zile mboga na maharage ambazo watu wanaambiwa zina pyurini hazikuonekana kuongeza hatari. Mimi niliposikia habari ya maziwa nilimkumbuka bibi na vibuyu vyake vya mgando. Kitu tulichokuwa nacho nyumbani tumekiacha tukakimbilia choma.

Ila lililomuumiza baba mdogo zaidi ni muda. Ule mguu ulitulia baada ya wiki hivi, akaona amepona, akarudi minadani. Ukamrudia tena, na tena, safari hii na goti. Kila ukimrudia anapitia duka la dawa anapewa diklofenaki anameza kama karanga, anapata nafuu, anaendelea. Hakuna aliyemuuliza presha yako ikoje, figo zako zikoje, na zile dawa za maumivu ukizimeza muda mrefu zinapandisha presha na zinachosha figo, ambazo ndo hizo hizo zinazotakiwa kutoa yuriki asidi. Siku alipokubali kwenda kupimwa vizuri, yuriki asidi iko juu, presha iko juu, lehemu (kolestro) iko juu, na figo zimeanza kulegea. Vyote kwa pamoja, na hakuna hata kimoja alichokuwa anakisikia zaidi ya kidole.

Hapo ndo nataka watu waelewe. Gauti ina kelele, inakulaza. Presha haina kelele, lehemu haina kelele. Mafuta ya nyama, yale meupe yanayoganda kwenye sufuria supu ikipoa, yanapandisha ile lehemu mbaya inayojipaka kwenye mishipa ya moyo, na mtu anakuja kujua siku anaanguka. Kwahiyo kama una kidole kinachokusumbua, usitibu kidole peke yake, kapime na vingine.

Daktari aliyempata ni kijana mdogo tu lakini mvumilivu sana, alimwambia "mzee wangu, sikunyimi nyama, nakupangia". Maini na figo basi kabisa. Bia aache. Nyama nyekundu mara mbili kwa wiki, kipande cha kiganja. Maji mengi. Maziwa ruksa, maharage ruksa, mboga za majani ale anavyotaka. Akaandikiwa na dawa ya kushusha yuriki asidi ya kumeza kila siku hata kama haumwi, na hili watu wengi wanakosea, wanaimeza siku wanapoumwa tu alafu wakipona wanaiacha. Alafu akasema jambo lililotushangaza wote, dagaa nao apunguze, kwa sababu samaki wadogo wanaoliwa wazima wana pyurini nyingi. Mama mdogo akachoka kabisa. Mwanza hii, umwambie mtu asile nyama na asile dagaa, anabaki na nini? Tukakaa tukapanga. Sato wa mchuzi vipande vya kiasi, kuku wa kienyeji siku moja moja, maharage, choroko, mayai, nsansa na karanga, mgando jioni. Ukiangalia vizuri ni chakula cha bibi kilekile.

Sasa nije kwenye soseji, maana hili linanigusa kama mama. Nyama ya kawaida angalau unaiona ni nyama. Soseji zimeingia majumbani kwetu kimya kimya, asubuhi mtoto anafungiwa soseji mbili na mkate kwenye kontena la shule, jioni akipita barabarani anakula chipsi soseji, na mzazi anajisikia amempa mtoto chakula cha hadhi. Mwanangu mkubwa alikuwa ananiambia wenzake wote wanakuja nazo. Siku moja nikiwa naandaa nikageuza pakiti nikasoma nyuma, maandishi madogo sana, ilibidi niende dirishani. Nyama yenyewe imetajwa, alafu maji, wanga, chumvi, fosfeti, alafu E250. Nikaitafuta hiyo E250 ni nini, ni sodiamu naitraiti, chumvi inayowekwa ili nyama isioze upesi na ibaki na ile rangi ya pinki. Ukichemsha nyama ya ng'ombe inakuwa kijivu, umewahi kujiuliza kwanini soseji hata ukiikaanga inabaki pinki ndani? Ndo hiyo. Tumboni ile naitraiti inaungana na vitu vya kwenye nyama inatengeneza kemikali ambazo zinaharibu utando wa utumbo mpana, na hizo ndo zinahusishwa na saratani.

Mwaka 2015 wataalamu 22 kutoka nchi 10 walikaa Lyon, Ufaransa, kwenye lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, linaitwa IARC, wakapitia tafiti zaidi ya 800. Wakasema nyama za kusindikwa, yaani zilizowekewa chumvi, zilizokaushwa kwa moshi au kuwekewa dawa za kuhifadhi, soseji, bekoni, hemu, nyama za kopo, zinasababisha saratani ya utumbo mpana, wakaziweka kundi la kwanza. Nyama nyekundu ya kawaida, ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, wakaiweka kundi la pili A, maana yake inaelekea inasababisha ila ushahidi haujakaza kama ule wa kwanza.

Kundi la kwanza ndo lenye tumbaku pia, na hapo ndo watu walipotosha. Nilishatumiwa ujumbe kwenye simu umeandikwa soseji moja ni sawa na sigara kadhaa. Sio kweli jamani, na uongo wa namna hii unafanya watu wadharau hata ule ukweli. Kundi linaonyesha wana uhakika kiasi gani kwamba kitu kinasababisha saratani, halionyeshi kinaua kiasi gani. Makadirio yaliyotolewa wakati ule ni kama vifo 34,000 vya saratani kwa mwaka dunia nzima kutokana na ulaji mwingi wa nyama za kusindikwa, na vya tumbaku ni kama milioni 1. Tofauti ni kubwa.

Na kuna asilimia 18 waliyoitoa hao IARC, nayo inasomwa vibaya. Walichosema ni kwamba kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa unazokula kila siku, yaani soseji moja ya kawaida, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18. Mtu anasikia anadhani katika watu 100 watu 18 wataugua. Hapana. Chukua mahali ambapo katika watu 100 watano wangeipata maishani mwao, wote wakila hiyo soseji kila siku wale watano wanakuwa karibu sita. Kwa mtu mmoja ni ongezeko dogo. Kwa mji mzima kama Mwanza, unaolea watoto wake kwa soseji kila asubuhi kuanzia chekechea, ni watu wengi sana baadaye, na mimi wa kwangu sitaki wawe humo. Nyumbani kwangu soseji zikabaki za siku ya sikukuu. Kwenye kontena la shule sasa wanaenda na yai la kuchemsha, viazi vitamu, au chapati na maharage yaliyokauka. Mdogo alilia siku mbili tatu za kwanza, sasa hivi yeye ndo anadai yai.

Kuna jirani yangu mmoja, simtaji kwa lolote, ambaye kilichompata ndo kimenifanya niwe naongea na wateja hadi wananichoka. Alianza kuona damu akienda chooni. Kidogo, nyekundu, inapotea, inarudi. Akaambiwa bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Baadaye akaambiwa amiba. Baadaye minyoo. Kila mahali anapokwenda anapewa kitu na hakuna anayemwangalia ndani. Choo kikabadilika, mara kigumu mara kinaharisha, anatoka chooni anajisikia bado hajamaliza, akaanza kuishiwa nguvu, akapimwa damu ikawa ndogo, akapewa vidonge vya kuongeza damu, wakati damu yenyewe inavujia tumboni. Alikuja kupata kipimo cha kamera hospitali ya Bugando, ile wanaipitisha kwa nyuma mpaka wanauona utumbo mpana, wakakuta uvimbe. Akafanyiwa upasuaji, akaendelea na dawa za saratani, yupo hai namshukuru Mungu, tunasalimiana kila asubuhi.

Hakuna daktari aliyemwambia ni nyama, na mimi siwezi kusema ni nyama. Saratani ya mtu mmoja huwezi kuinyooshea kidole, kuna umri, kuna kurithi, kuna pombe, sigara, unene, kukaa bila mazoezi. Ila alichoelezwa na akanieleza ni hiki, ule uvimbe mara nyingi unaanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, unaweza kukaa humo hata miaka kumi ukikua polepole kabla haujawa saratani, na ukikutwa mapema unatolewa na kamera hiyo hiyo mambo yanaishia hapo. Kwahiyo ile miezi ya kupaka dawa ya bawasiri ilikuwa na gharama. Mtu yeyote anayesoma hapa akiwa na damu chooni isiyoisha, au choo kimebadilika wiki na wiki, au anapungua bila sababu, aseme wazi kwa daktari "naomba utumbo wangu uangaliwe", asione aibu. Na hasa ukiwa umevuka miaka 45, au kama ndugu yako wa damu aliwahi kuipata.

Wateja wakinisikia wananiuliza, sasa nile kiasi gani? World Cancer Research Fund, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za saratani, wanashauri kama unakula nyama nyekundu isizidi milo mitatu hivi kwa wiki, jumla gramu 350 mpaka 500 iliyokwisha kuiva, na 500 ni kama gramu 700 na kitu ikiwa mbichi. Kwa lugha ya buchani ni robo tatu kilo mbichi kwa wiki nzima. Wiki. Wenzetu ile kilo ya wawili ya Ijumaa ikiisha, kila mtu nusu kilo mbichi imeshaingia tumboni, wiki yake karibu imeisha na Jumamosi hata haijafika. Alafu kuna wanaoniambia "mimi sili nyama nyekundu nakula kitimoto". Kitimoto, yaani nguruwe, ni nyama nyekundu. Ikiiva inakuwa nyeupe ndo inawachanganya watu, ila wataalamu wanaihesabu na ng'ombe na mbuzi.

Na uchomaji wenyewe una habari yake. Mimi nimesimama mbele ya jiko la mkaa miaka mingi nakwambia ninachokiona. Nyama yenye mafuta ikikaa juu ya moto mkali, mafuta yanadondokea kwenye mkaa, unasikia tsss, moshi mzito unapanda unaipaka ile nyama, pembeni inaanza kuwa nyeusi, na wateja wengine wanaipenda hivyo, wanasema "niunguzie kidogo". Ule weusi na ule moshi vina kemikali zinazoharibu vinasaba vya chembe hai za mwili, na moshi una jamii ya zile zile za kwenye moshi wa sigara. Siku hizi nachemsha nyama kwanza iive nusu na tangawizi na kitunguu saumu, mkaa nausubiri ushike majivu, hakuna mwali, nageuza geuza, na kilichoungua nakikata kabla sijaweka kwenye sinia. Inatoka laini, na hakuna mteja aliyehama. Ila niwe mkweli, samaki naye akikaushwa kwa moshi mzito anakuwa na hayo hayo, sangara wa moshi mweusi tii usimle kila siku ukidhani umekimbia nyama.

Kibanda kimebadilika pole pole. Nyama ipo, siwezi kuitoa nitafunga, ila nilianza kuweka maharage na mboga mbili kwenye kila sahani bila kuongeza bei, na vipande vya nyama nikapunguza kimoja. Walinung'unika. Nikaweka siku za dagaa na siku za sato, dagaa nafuata mwenyewe soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri, nachukua wale waliokaushwa juu kwenye chanja maana wa mchangani hata uwaoshe vipi meno yanasaga mchanga. Nawatoa vichwa, nawaosha kwa maji ya moto, nawakausha kidogo kwenye karai, alafu kitunguu, nyanya nyingi, mwisho karanga za kusaga. Wale madereva wa malori ndo wa kwanza kuniambia mama leo weka dagaa. Wanasema hawasinzii njiani kama wakila nyama. Hilo sijui la kitaalamu ni lipi, nawaamini wao.

Kuna watu lakini siwapunguzii nyama, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu ushauri wa mtu aliyezidisha ukimpa mtu aliyepungukiwa unamuua. Mtoto mdogo aliyeanza kula, ambaye nyumbani anapata uji mtupu na ugali na mchuzi, yule kipande kidogo cha nyama au ini lililosagwa ni cha maana sana, madini chuma ya kwenye nyama mwili unayachukua kirahisi kuliko ya kwenye mboga. Wamama wajawazito wenye damu ndogo, wasichana wa shule wanaopoteza damu kila mwezi, hao pia. Ukiangalia majumba yetu mengi sinia linaenda kwa baba, yeye anakula vipande vinne, watoto wanachovya mchuzi. Yule asiyehitaji ndo anazidishiwa na anayehitaji ndo ananyimwa. Baba mdogo nilimwambia hivyo siku moja mbele ya wajukuu zake, kwa adabu, nikasema ba'mdogo wewe daktari amekupa mara mbili kwa wiki, vile vingine vyote ni vya hawa. Alinyamaza muda mrefu. Alafu akachukua kijiko akaanza kuwagawia.

Minadani anaendelea kwenda. Wenzake mwanzoni walimsema, wakadhani ameishiwa hela au anawadharau, kwa sababu kukataa nyama ya mwenzako mnadani ni jambo zito. Akatafuta njia yake, anakuwa wa kwanza kutoa hela, anawanunulia wao, yeye anachukua kipande kimoja na kachumbari, soda anaiacha, anaomba maji. Wawili kati yao walimfuata pembeni kwa wakati tofauti wakamuuliza dawa anazotumia, kumbe nao vidole vinawawaka usiku na hawajamwambia mtu.

Kidole hakijamrudia tangu ashike dawa na chakula, presha inashuka kwa taratibu, figo wanasema hazijazidi kuharibika. Mwezi ujao anarudi kliniki kupima yuriki asidi, nitamsindikiza, na mama mdogo ameshanituma swali la kumuuliza daktari, kama ikiwa imeshuka, je wanaweza kumrudishia dagaa angalau mara moja kwa wiki.